Waenda Ng'ambo Kusomea Uongozi: Ufunguo Wamwachia Nani?

Kuna swali nililoulizwa mjini Eldoret ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Kwa kuwa naamini kwamba wengi katika wasomaji wa ukurasa huu wana mtoto, ndugu au jirani linayemhusu, nimeona ni vyema nilijibu hadharani. Swali lenyewe ni hili: mtu akipata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea uongozi, aende au asiende?

Aliyeniita Eldoret ni mtoto wa ami yangu. Yeye alitoka Mombasa akiwa kijana, akafuata biashara ya nguo bara, akaoa, akazaa, akatulia huko huko. Nilipanda gari la moshi mpaka Nairobi, kisha matatu, na usiku nikashuka Eldoret nikitetemeka. Mji ule uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na sisi tuliolelewa na joto la Mvita hatuna nguo ya kupambana na baridi ile. Nilivaa sweta mbili juu ya kanzu, na bado meno yaligongana.

Asubuhi, juu ya mahamri na mbaazi, nililetewa barua. Binti yake, ambaye ni muuguzi msimamizi wa wodi katika hospitali moja ya huko, amepewa nafasi ya wiki kumi Uingereza kusomea uongozi wa mahospitali. Nauli, malazi, karo, vyote vimelipwa. Binti amefurahi. Mamake amefurahi nusu. Babake hakufurahi hata kidogo, na ndiyo sababu akaniita.

"Wewe ulikwenda kozi kama hii," akaniambia. "Mwambie huyu mwanao ukweli. Ulipata nini huko?"

Lakini kabla sijafungua kinywa, akaongeza jingine: "Na usisahau kwamba hapa uko Eldoret. Hapa neno ufadhili limeingia mdudu."

Alikuwa na haki kusema hivyo. Wasomaji watakumbuka habari za mpango wa masomo wa Finland na Canada uliopitia serikali ya kaunti ya Uasin Gishu. Wazazi walitoa pesa, wengine wakauza ng'ombe na mashamba, na pesa hizo zikawekwa katika hazina ya elimu ili watoto walipiwe vyuoni. Kufikia mwaka 2023 kulikuwa na vijana waliofika Finland wakatishiwa kufukuzwa vyuoni kwa kuwa karo haikulipwa, na wengine waliobaki nyumbani wakiwa hawana pesa wala safari. Wazazi wakaandamana Eldoret. Mwaka huo huo watu waliokuwa viongozi na maofisa wa kaunti walifikishwa mahakamani Nakuru, na kiasi kilichotajwa katika mashtaka kilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 1. Walikana mashtaka. Mimi si kadhi wala hakimu, na hukumu ni ya mahakama. Ninalolitaja ni lile ambalo halikuhitaji hakimu: mzazi aliyeuza ng'ombe na mtoto wake hakusoma.

Basi si ajabu kwamba katika mji ule mtu akisikia ufadhili wa ng'ambo, jambo la kwanza ni kushika mfuko wake.

Hata hivyo tusiuonee mji. Eldoret si mji wa habari hiyo peke yake. Ulianza kama shamba la walowezi nambari 64, ndiyo maana wazee wa huko mpaka leo huuita Sisibo. Tarehe 15 Agosti 2024 ukatangazwa kuwa jiji, la tano katika Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa huko mwaka 1984, na tangu mwisho wa miaka ya themanini madaktari wa chuo hicho wameshirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Ulipoingia ugonjwa wa ukimwi na watu wakafa kama nzige, ushirikiano huo ulizaa mpango wa AMPATH, mwaka 2001, ambao umetibu watu kwa malaki. Na hapa pana jambo la kuzingatia: hawakusafiri Wakenya peke yao kwenda kujifunza Marekani. Madaktari wa Marekani nao walikuja Eldoret, wengine wakakaa miaka mingi, wakajifunza kwa wenyeji. Kwa hiyo mji mmoja umeonyesha sura mbili za ng'ambo: moja imejenga na moja imebomoa. Tofauti yake ni nini? Huko ndiko ninakokwenda.

Kwanza nijibu swali la ndugu yangu: nilipata nini?

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa ufadhili wa wiki sita, katika nchi ya baridi, kusomea uongozi wa vyumba vya habari. Tulikuwa watu ishirini na kitu kutoka pande zote za dunia. Mafunzo ya namna hii si ya jana. Chuo cha Harvard kilianza kozi yake ya wakuu wa makampuni mwaka 1945, vita vikuu vikimalizika, na huko Henley, Uingereza, kozi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1948. Wenye viwanda walikuwa wametambua kwamba fundi hodari akipandishwa cheo si lazima awe msimamizi hodari, kwani kujua kazi na kujua watu ni elimu mbili. Hawafundishwi kwa hotuba tupu. Hupewa kisa cha kampuni iliyokwama, wakagawanywa makundi, kila kundi likatafuta njia ya kutokea, kisha wakabishana. Kwangu mimi niliyekaa darasani kwa shehe, wanafunzi wamezunguka, huyu akisoma na yule akiuliza, haikuwa kitu kigeni sana. Vilivyozidi ni viti na kahawa isiyokuwa na tangawizi.

Nilinufaika, sitasema uongo. Nilijifunza kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, jambo ambalo mke wangu alikuwa amenifundisha miaka ishirini nisihitimu. Nilijifunza kuona ofisi yangu kwa mbali, kama mtu aliye mashuani anavyouona mji wake wote kwa mara moja, na hali akiwa ndani yake huona kuta za kichochoro tu.

Nikarudi na cheti. Nikakitia fremu. Siku ya pili nikaita mkutano wa wenzangu wote, nikasimama nikawahubiria dira, na malengo, na kugawana madaraka. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Tarishi wetu, mzee wa makamo aliyekaa nyuma kabisa, akanyosha mkono.

"Swali langu dogo, bwana mkubwa. Ule ufunguo wa mtoto wa meza yako uko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni. Ulikuwamo. Ulikuwamo siku zote sita mara saba nilizokuwa ng'ambo. Na ndani ya ule mtoto wa meza mlikuwa na hati za malipo za waandishi wetu wa mikoani, wale wanaolipwa kwa habari, ambazo mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na idhini ya kuzitia sahihi. Nilikuwa nimezifungia, nikapanda ndege. Kwa wiki sita hakuna aliyethubutu kuvunja meza ya mkuu. Mwandishi mmoja alikuwa amefukuziwa mtoto skuli. Mwingine alikuwa amekopa kwa jirani pesa za dawa. Na mimi, wakati huo huo, nilikuwa nikichora visanduku juu ya karatasi, vyenye mishale, kuonyesha namna kiongozi anavyowaachia wengine madaraka.

Hakuna aliyecheka mkutanoni. Afadhali wangalicheka.

Nilimsimulia binti habari hii mbele ya wazazi wake, na haikuwa rahisi, kwa kuwa hata mke wangu sikuwa nimemsimulia yote. Babake akaona ameshinda. "Unasikia?" akamwambia. "Kozi haikumfaa huyu mwenye mvi. Itakufaa wewe?"

Nikamwambia hapana, ndugu yangu, hukunifahamu. Kozi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nalo lilitangulia safari.

Sisi tuliosomeshwa chuoni, kwa ubao na wino, twajua aya ya Sura An-Nisaa inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na walimu wetu walitusimulia kisa wanachokitaja wafasiri juu ya aya hiyo, nacho, kwa ajabu, ni kisa cha ufunguo. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha, na kulikuwa na watu wakubwa waliotamani heshima ile. Mtume, sala na salamu zimshukie, akamrudishia Uthman ufunguo wake. Ukoo ule unao mpaka leo. Miji imegeuka, tawala zimepita, na ufunguo haukupotea.

Tazama tena Nabii Yusuf alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Alijitaja kwa sifa mbili, kwamba yeye ni mhifadhi na kwamba yeye ni mjuzi. Kuhifadhi kulitangulia kujua. Kozi za ng'ambo, ziwe nzuri namna gani, hufundisha ile sifa ya pili. Ile ya kwanza mtu huenda nayo au huenda bila yake, na akienda bila yake, ujuzi humwongezea ufasaha tu wa kujitetea. Wale waliosimamia pesa za watoto wa Eldoret walipungukiwa na nini? Kozi? Katika nchi hii hakuna uhaba wa kozi. Chuo cha utawala kilifunguliwa Kabete mwaka 1961 ili Mwafrika ashike kazi za Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo, na siku hizi ni Chuo cha Serikali chenye matawi, mojawapo lipo hapa hapa Matuga katika Kwale na jingine Mombasa. Wakuu wa idara hupelekwa huko kila mwaka kusomea uongozi, mbali ya wanaopelekwa Ulaya, Marekani na Singapore. Vyeti vimejaa kutani. Kinachouliziwa ni funguo.

Sasa mtu aweza kusema: ikiwa ni hivyo, kwa nini kwenda mbali? Si bora abaki nyumbani ahifadhi amana yake? Nami nasema hilo ni kosa la pili, nalo sisi watu wa pwani limetugharimu sana. Mwaka 1959 Tom Mboya alipojaza ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda Marekani, vijiji vya bara vilichanga senti kwa senti, mtu akatoa kuku na mwingine mbuzi. Mwaka 1960 akaondoka Wangari Maathai, akasoma Kansas, akarudi, na mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti pamoja na akina mama wa mashambani. Mwaka 2004 dunia ikampa tuzo ya Nobel. Wa pwani walikuwa wangapi katika ndege zile? Wachache mno. Wazee wetu wengi waliogopa, na uhuru ulipokuja tukaanza kulalamika kwamba maofisi yamejaa watu wa kwingine.

Lakini nasi tuna wetu. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin aliyekuwa Kadhi Mkuu, hakufaulu vizuri katika mtihani wa Cambridge hapa Mombasa. Mlango wa Makerere ukafungwa. Akafanya kazi katika chuo cha MIOME, na kwa ufadhili akapata njia ya kwenda Uingereza mwaka 1955. Akahitimu Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka uliofuata na Oxford mwaka 1966. Kile chuo cha Makerere kilichomkataa kuwa mwanafunzi ndicho alichokwenda kusomesha, akawa profesa wake. Mwaka 1979 akatoa hotuba za Reith za BBC, dunia nzima ikisikiliza. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa kwa wazee wake, karibu na Ngome ya Yesu. Kama mwaka ule wa 1955 mtu angalimwambia, "Kaa, ng'ambo kuna hatari," tungalipoteza kiasi gani?

Na wanaopenda kutaja maneno ya kutafuta elimu japo Uchina, nawakumbusha kwamba wanavyuoni wa hadithi wameyatia udhaifu. Hatuyahitaji. Desturi yetu wenyewe yatosha kuwa ushahidi, kwani mashehe wangapi wa Lamu na Mombasa walipanda majahazi kwenda kusoma Hadhramaut na Makka, na waliporudi hawakuonyesha cheti bali walikaa barazani wakasomesha?

Basi jioni ile tulifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuichunguza barua, na hapa nawaomba wasomaji wasikilize, kwa kuwa matapeli hawakuhama Eldoret tu, wako kila mji. Barua ya kweli hutoka kwa chuo chenyewe, na chuo hukubali kuulizwa. Tuliandika sisi wenyewe, kwa anwani tuliyoitafuta katika tovuti ya chuo, si ile iliyochapishwa juu ya barua. Jibu likaja siku ya pili kwamba jina la binti limo. Tukaangalia kama kuna mahali palipoombwa pesa za fomu, za visa ya haraka, za kumshukuru mtu wa katikati. Hapakuwapo. Ufadhili kamili unaoomba pesa kabla ya safari si ufadhili. Na pesa, zikibidi kulipwa kwa jambo lolote, zilipwe kwa mwenye kudai moja kwa moja na risiti ishikwe mkononi. Zisipite katika mfuko wa mheshimiwa yeyote, hata awe anaswali safu ya mbele.

Babake alikuwa na jambo jingine, la binti kusafiri peke yake wiki kumi. Hilo sikulitolea fatwa, kwani mwandishi wa magazeti si mufti. Alilipeleka kwa shehe wake. Nijualo ni kwamba anakwenda na wenzake wawili wa kike wa hospitali ile ile, na watakaa nyumba moja.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwuliza binti, "Mwanangu, pale wodini, wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati la dawa kali?"

"Ndiye mimi, ami."

"Wamwachia nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia. "Ami, wakubwa wetu wamekuwa wakisafiri miaka yote. Hutuambia Ijumaa kwamba Jumatatu hawapo. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali hilo. Kwa nini nianze kuulizwa mimi, muuguzi, tena mwanamke?"

Hilo ndilo lile swali lililonifunga mdomo Eldoret, kwa sababu nyuma ya kuuliza aende au asiende kulikuwa na la kuuliza nani wa kuulizwa. Nimelifikiri njia nzima ya kurudi, na jibu langu ni hili. Wewe waulizwa kwa kuwa una mtu wa kukuuliza. Wale wakubwa hawakuwa na tarishi wa kunyosha mkono, au walikuwa naye wakamnyamazisha. Kuulizwa si tusi. Ni bahati ambayo wazazi wa Eldoret wangalipenda sana viongozi wao waipate mapema.

Kwa hiyo rai yangu, kwa binti yetu na kwa kila aliye na barua kama yake, ni kwamba aende. Lakini kabla ya kufunga sanduku, ahesabu kilichomo kabatini mbele ya mashahidi, aandike, atie sahihi, na ufunguo aukabidhi kwa mwenzake mkono kwa mkono. Awaambie anaowaongoza anakwenda kusoma nini na wao watafaidi nini, kwa sababu wakati yeye yuko darasani wao ndio wanaofanya zamu zake. Na akirudi, wiki ya kwanza asihubiri. Akae na wa chini kabisa, mfagiaji na mpishi, awaulize, "Nilipokuwa sipo, mlikwama wapi?" Majibu atakayopewa ndiyo mtihani wa kozi yake. Hatapewa maksi, wala hautachukua zaidi ya saa moja, lakini asipoufanya, wiki zile kumi zimekuwa matembezi.

Na sisi walipa kodi tuwaulize vivyo hivyo wabunge, wawakilishi wa kaunti na maofisa wanaopanda ndege kila msimu kwa jina la mafunzo. Wamwachia nani ufunguo? Warudi na nini? Swali hilo haligharimu kitu, na mtu mwaminifu hakasiriki kuulizwa.

Nilimwahidi binti ubeti mmoja wa kumwaga. Nautoa hapa ili wengine nao wausikie:

Waenda kusoma mbali, ufunguo ni wa nani?
Una watu una mali, walokupa kwa imani,
Ukirudi na kauli, za vitabu mdomoni,
Utaulizwa amana, si cheti cha ukutani.